Masanduku ya marehemu mwenzetu: kuhifadhi historia na sanaa za wasagaji wenye ulemavu

Mrithi wa Masanduku anauliza:

Salamu kwenu nyote.

Kikundi chetu kidogo cha wanawake wasagaji wenye ulemavu kimeachiwa vitu vya mwenzetu aliyefariki, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetayarisha kijarida chetu, akaandaa maonyesho na kuandikiana barua na wenzetu wa nchi nyingine. Katika masanduku hayo mna kaseti zenye sauti za wanawake wakighani mashairi na kusimulia maisha yao, matoleo ya kijarida yaliyochapwa kwa maandishi makubwa na mengine kwa breli, kanda za video za wenzetu viziwi wakitoa mashairi kwa lugha ya alama, picha zisizo na majina, mabango ya maandamano, na daftari lenye ratiba ya zamu: nani atamvalisha nani siku ya onyesho, nani atasukuma kiti cha magurudumu, nani atabaki na aliyezidiwa. Ndugu zake walitukabidhi vyote bila ubishi, na nadhani baadhi yao waliona ni afadhali visikae nyumbani kwao.

Sasa tunabishana sisi kwa sisi. Wapo wanaotaka tuvipeleke kwenye hifadhi kubwa ya nyaraka, yenye vyumba vinavyodhibitiwa joto na unyevu na watumishi wanaolipwa, kwa sababu kikundi chetu kinapungua, wengi wetu ni wagonjwa, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba atakuwepo kuvitunza. Wapo wanaokataa katakata, wakisema kwamba taasisi hizo ndizo zilizokuwa na ngazi mlangoni miaka yote, na kwamba vitu vyetu vikiingia humo vitaorodheshwa ama chini ya maradhi ama chini ya mapenzi, ilhali sisi tuliishi na yote mawili kwa wakati mmoja. Mimi naegemea upande wa hawa wa pili, ingawa sijui kama ni busara inayoniegemeza huko au ni uchungu tu.

Isitoshe, kijana mmoja kati yetu amejitolea kuskani kila kitu na kukiweka kwenye intaneti ili kisipotee tena. Nia yake ni njema, lakini katika barua na picha hizo wamo wanawake ambao hawakuwahi kujitambulisha hadharani. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: tuanze na nini, tumwombe nani ruhusa, na je, lile daftari la zamu ni historia au ni karatasi za kutupa?

Mtunza Nyaraka anajibu:

Poleni kwa msiba, dada, na hongereni kwa kuyaokoa masanduku hayo. Kazi yangu ni kutunza nyaraka za vyama vya wanawake, kwa hiyo niruhusu niuache kwanza ubishi wa kukabidhi au kutokabidhi, maana humo mna vitu ambavyo havitawangoja mmalize kubishana. Kanda za sumaku zinaoza. Chembe zinazobeba sauti zimeshikizwa kwenye utepe wa plastiki kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa ya kunata au inaanza kubanduka. Hata kanda ikiwa nzima, mashine nzuri za kuichezea hazitengenezwi tena, vipuri vimeadimika na mafundi wanaozijua wanastaafu. Mwaka 2019 mpango mmoja wa UNESCO, kwa kushirikiana na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, ulitoa tahadhari kwamba ifikapo 2025 hivi, kuhamisha sauti na picha kutoka kwenye kanda kungekuwa kugumu au ghali mno kwa walio wengi. Muda huo umeshatufikia.

Msianze kwa kuzisikiliza kwa hamu, kwani kanda iliyodhoofika inaweza kukubali kuchezwa mara moja tu. Vunjeni kwanza vile vilimi viwili vidogo vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha chunguzeni utepe kupitia kidirisha chake: mkiona unga mweupe au mkisikia harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu; itengeni ndani ya mfuko wake, na mwenye pumu au mapafu dhaifu asiikaribie. Zilizo salama zihamishiwe kwenye faili la WAV, yaani la sauti isiyobanwa, la biti 24 na kilohezi 96, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa hifadhi za sauti. MP3 ni ya kusikilizia tu. Wekeni nakala tatu, na mojawapo ikae mbali na nyumba zilimo nyingine.

Kuna jambo ambalo nawasihi mlizingatie zaidi ya hayo yote. Fundi atakayewasaidia atashawishika kuisafisha sauti: kuondoa mvumo wa mashine ya kupumulia, kufupisha vituo virefu vya mwanamke anayesema kwa shida, kukata sehemu ambazo rafiki yake anarudia maneno yake ili wasikilizaji wayapate. Kwenye nakala ya hifadhi msimruhusu kugusa chochote. Mwanamke aliyetunga shairi la kughaniwa kati ya pumzi mbili za mashine alipima mistari yake kwa pumzi hizo, na mkiziondoa mtabaki na maneno yasiyo na mizani.

Kwa video za wenzenu viziwi mambo ni hayo hayo, na pengine mazito zaidi. Shairi la lugha ya alama hujengwa kwa umbo la mkono, mahali alama inapowekwa, mwendo wake na hali ya uso, na vina vyake ni maumbo ya mkono yanayojirudia. Tafsiri ya maandishi humsaidia asiyeijua lugha hiyo, lakini haiwezi kuwa shairi lenyewe. Mtafuteni kiziwi anayeufahamu ushairi huo, akae mbele ya kamera na kueleza kwa alama anachokiona katika kila kanda, wakati watunzi au marafiki zao bado wako hai.

Daftari la zamu si la kutupa hata kidogo. Mashairi na insha za wanawake hawa zimechapwa kwa kiasi fulani. Kwa mfano, jarida la Sinister Wisdom la Marekani, lililoanzishwa 1976, lilitoa toleo lake zima la 39 kuhusu ulemavu. Kisichochapwa karibu kamwe ni jinsi mshairi asiyeweza kujivalisha alivyofika jukwaani, na nani alibaki nyuma ya pazia akiwa ameshika dawa zake. Daftari lenu linalijibu swali hilo siku kwa siku, kwa mwandiko wa waliofanya kazi yenyewe.

Msomaji wa Breli anajibu:

Nakubaliana na Mtunza Nyaraka, nami naongeza machache kuhusu breli, kwa kuwa mimi sioni na nimeshuhudia breli ikiharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Karatasi za breli zisilazwe moja juu ya nyingine na kuwekewa uzito, wala zisibanwe kwenye rafu kama majalada ya ofisini, kwa sababu nukta zinabonyea na zikishabonyea hazirudi. Zisimamisheni wima, na sanduku lisijae likabana. Msizinyooshe wala msizipitishe kwenye mashine ya kufunikia kwa plastiki. Mashine ya kunakili itawapa karatasi nyeupe tu. Picha iliyopigwa kwa taa ya pembeni itaonyesha vivuli vya nukta, nayo inamfaa mwenye kuona, lakini lazima msomaji wa breli akae nazo na kuziandika upya neno kwa neno, pamoja na makosa ya uchapaji. Akikutana na kurasa ambazo nukta zake zimelika, aziandike kuwa zimelika. Hapo ndipo vidole vingi vilipopita, na hakuna orodha ya wasomaji itakayowaeleza hivyo.

Sasa nawaonya kuhusu hatari ambayo haipigiwi kelele. Hifadhi nyingi, zinapopokea masanduku, huondoa nakala zinazojirudia ili kupunguza nafasi. Mtu asiyefahamu ataona toleo moja la kijarida kwa maandishi makubwa, kwa breli na kwa kaseti, atasema ni kitu kimoja mara tatu, na atabakiza lile analoweza kulisoma yeye. Hizo ni kazi tatu. Kijarida cha Marekani kilichoitwa Dykes, Disability & Stuff kilitolewa kwa namna mbalimbali kama hizo, na kuandaa namna hizo zote kwa mikono ya watu waliochoka ilikuwa ni siasa yao. Sauti ya msomaji kwenye kaseti, mahali anapocheka, mahali anapoongeza maoni yake kuhusu makala anayoisoma, havimo kwenye karatasi.

Tena, kama mtaskani, tafadhali msiishie kwenye picha ya ukurasa. Kwa programu yangu ya kusoma skrini, faili la namna hiyo ni ukimya mtupu. Itakuwa aibu kuhifadhi kijarida kilichoandaliwa kwa ajili yetu tusioona kwa njia ambayo sisi peke yetu ndio tusioweza kukisoma.

Mfuatiliaji wa Historia anajibu:

Mimi nitajibu kuhusu ruhusa. Kijana wenu mshukuruni, mpeni kazi ya kuskani, lakini msimruhusu kuweka chochote hadharani kwa sasa. Lipo jambo lililotokea Marekani ambalo wote mnaoshika masanduku ya namna hii mnapaswa kulijua. On Our Backs lilikuwa jarida la picha na hadithi za mapenzi la wasagaji, lililoanza 1984. Kampuni moja ya kuhifadhi majarida ililiweka lote kwenye intaneti, na mwaka 2016 ikaliondoa baada ya kutolewa hoja kwamba wanawake waliokubali kupigwa picha kwa ajili ya jarida la karatasi, lililosomwa na jamii yao wenyewe, hawakuwa wamekubali kutafutwa kwa majina yao na mwajiri au jirani miaka 30 baadaye. Kijarida chenu kilisambazwa kwa mikono ya watu walioaminiana. Uaminifu huo hauhamii kwenye intaneti kwa sababu tu mwenye sanduku amefariki.

Wasanii wenyewe waliliwaza hilo mapema. Tee Corinne, mpiga picha Mmarekani aliyefariki mwaka 2006, aliwapiga picha wanawake wakipendana, akiwemo mwanamke wa kiti cha magurudumu na mpenzi wake, kisha chumbani mwa kusafishia picha akageuza mwanga na kivuli na kuziunganisha picha kadhaa hadi nyuso zisitambulike. Ile hali ya picha kung'aa kingo ni sanaa na ni ulinzi kwa pamoja. Anayetaka leo "kuirekebisha" picha ya namna hiyo ili uso uonekane atakuwa amevunja ahadi ambayo mpiga picha alikwisha kuiweka.

Lakini kwa wanawake wenye ulemavu ruhusa ina ugumu wake wa pekee: mara nyingi sheria imempa mtu mwingine mamlaka ya kusema kwa niaba yao. Sharon Kowalski aliumia vibaya ubongo katika ajali ya gari huko Minnesota, Marekani, mnamo Novemba 1983. Alikuwa akiishi na mpenzi wake, Karen Thompson, ambaye ndiye aliyekaa naye hospitalini na kumsaidia kujifunza upya kuwasiliana, hata akaweza kuyaandika matakwa yake kwa mashine ya kuandikia. Mwaka 1985 mahakama ilimpa baba yake Sharon mamlaka kamili ya ulezi, na Thompson akazuiwa kumwona kwa zaidi ya miaka mitatu. Wasagaji na watu wenye ulemavu waliunda kamati katika miji mingi. Tarehe 7 Agosti 1988 iliadhimishwa kuwa siku ya kudai uhuru wake. Na Desemba 1991 Mahakama ya Rufaa ya Minnesota ikampa Thompson ulezi huo, ikiwataja wawili hao kuwa familia inayostahili kuheshimiwa.

Fikirini sasa: mtunza nyaraka mwenye bidii, mwaka 1986, akitaka ruhusa ya kuhifadhi barua za Sharon kwa Karen, sheria ingemwelekeza kwa nani? Kwa yule yule aliyewatenganisha. Kwa hiyo, pale ambapo mmoja wa wanawake waliomo kwenye masanduku yenu bado yuko hai na yuko chini ya mlezi, ninyi nendeni kwake mwenyewe, kwa njia anayowasiliana nayo, hata kama itawachukua vikao vingi. Fomu ya karatasi haitoshi. Ridhaa ya kiziwi irekodiwe kwa alama, ya asiyeona kwa sauti au breli, na ya anayetumia ubao wa herufi iandikwe kama alivyoionyesha, pamoja na jina la aliyeisoma.

Mrithi wa Masanduku anaandika:

Nawashukuru sana. Suala la nakala zinazojirudia limenishtua, kwa sababu wiki iliyopita tulikuwa tumeanza kupanga rundo la "ziada", na kwenye rundo hilo karibu zote zilikuwa breli. Tumesimamisha. Kuhusu picha, je, tuzifunge zote mpaka tupate ruhusa za kila aliyemo? Wengine hatujui hata majina yao.

Msomaji wa Breli anajibu:

Hapa natofautiana kidogo na Mfuatiliaji wa Historia, ingawa kisa alichokitoa ni cha kweli na kinauma. Sisi wenye ulemavu tumelindwa sana na watu wasiotuuliza. Mkifunga kila kitu kwa kuhofia kumdhuru mtu, mtakuwa mmeamua kwa niaba ya wanawake ambao baadhi yao walipigania kuonekana. Audre Lorde, mshairi msagaji wa Marekani, alipokatwa titi kwa sababu ya saratani mwaka 1978, alikataa kuvaa titi la bandia, na katika shajara zake alizozichapisha 1980 alisema wazi kwamba kujificha kunawanyima wanawake wa hali yake nafasi ya kutambuana. Connie Panzarino, aliyezaliwa na ugonjwa uliodhoofisha misuli yake yote, aliandika maisha yake kwa jina lake mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1994, usagaji wake ukiwamo. Wanawake wa namna hiyo wamo pia kwenye masanduku yenu.

Ushauri wangu ni kuwakusanya wakongwe waliobaki, muwaonyeshe picha moja moja, na asiyeona asimuliwe kilichomo. Majina yatapatikana hapo, na pia mtasikia nani alikuwa akitembea na bango mbele na nani alikuwa akiomba asipigwe picha. Rekodini mazungumzo hayo. Picha ya yule wa bango itolewe. Ya yule mwingine ifungwe.

Mtunza Nyaraka anajibu:

Naafiki njia hiyo ya wakongwe, na naomba maelezo yao yaandikwe kwa penseli laini kwenye karatasi tofauti yenye namba ya picha, si kwa kalamu ya wino nyuma ya picha, maana wino hupenya.

Sasa nirudi kwenye ubishi wenu wa mwanzo. Wanaosema msikabidhi wana mfano mzuri wa kuutaja: Lesbian Herstory Archives, hifadhi ya historia ya wasagaji ya New York, ilianza mwaka 1974, ikakaa kwa miaka mingi kwenye nyumba aliyoishi Joan Nestle, mmoja wa waanzilishi, na tangu 1993 ina nyumba yake Brooklyn, ikiendeshwa na wanaojitolea. Wanaosema mkabidhi nao wana wao: kumbukumbu za wasagaji zilizokuwa London zilipokosa fedha zilihamishiwa Glasgow Women's Library, maktaba ya wanawake ya Glasgow, mwaka 1995, na mpaka leo zinasomwa. Nyingine zilibaki kama sauti. Kirsten Hearn, msagaji asiyeona aliyekuwa katika Sisters Against Disablement, kundi la wanawake wenye ulemavu la London, miaka ya 1980, alihojiwa kwa kirefu katika mradi wa historia simulizi wa British Library. Mahojiano hayo yana thamani kubwa, ila mahojiano ya mtu mmoja hayawezi kushika nafasi ya daftari la zamu la kikundi kizima.

Mimi naona mnaweza kuipata faida ya pande zote mbili mkiweka vitu kwa amana badala ya kuvitoa zawadi. Katika amana, mali inabaki yenu na hifadhi inavitunza kwa masharti mliyoyaandika. Andikeni kwamba hakuna kitakachoondolewa kuwa ni cha ziada bila idhini yenu. Kwamba chumba cha kusomea kiwe kinafikika kwa kiti cha magurudumu, na kwamba kuwe na siku ambazo manukato hayaruhusiwi kwa ajili ya wanaougua kwa harufu kali. Kwamba maelezo ya orodha yaandikwe pamoja nanyi, na kila kitu kiweze kutafutwa kwa ulemavu na kwa usagaji kwa pamoja. Kwamba nakala za kidijitali zirudi kwenu. Na kwamba hifadhi ikifungwa au ikibadili sera, vitu vivyo hivyo virudi au viende mahali mtakapopachagua. Kifungu cha mwisho wengi hukisahau. Tajeni humo, kwa majina, watu wawili au watatu wa rika tofauti watakaokuwa na haki ya kudai, kwa sababu kikundi kikishavunjika, sheria humtafuta mtu wa kusaini.

Mkikutana na hifadhi inayokataa sharti la breli au la chumba cha kusomea, ondokeni na kaseti zenu na mwende kwingine. Kaseti zihamishwe kwanza, kabla hata ya mazungumzo hayo kuanza.